Walioikosa Tuzo ya Hugo, Nikiwasoma Upya Kisumu

Mgongo wa kitabu ulikuwa umeshikizwa kwa selotepu iliyozeeka hadi ikawa na rangi ya chai, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na muhuri wa maktaba ya shule moja ya ng'ambo. Nilikitoa chini ya rundo la vitabu vya marudio ya mitihani katika soko la Kibuye, Jumapili moja asubuhi, kwa sababu jalada lake lilikuwa na neno Zanzibar. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi hapa Kisumu, na sikuweza kuliona neno hilo juu ya riwaya ya kisayansi nikapita.

Kitabu chenyewe ni Stand on Zanzibar cha Mwingereza John Brunner, kilichotoka mwaka 1968 na kutwaa mwaka 1969 Tuzo ya Hugo ya riwaya bora, tuzo ya fasihi ya kisayansi na ya ndoto inayopigiwa kura na mashabiki wake. Nilikisoma majuma mawili nikiwa na hamu ya kukutana na Unguja ya mwaka 2010 kama alivyoiwaza mtu wa mwaka 1968, nikagundua kwamba kisiwa kile kimetajwa kwa ajili ya ukubwa wake tu. Hesabu ya Brunner ni hii: mwanzoni mwa karne ya ishirini, binadamu wote wakisimama bega kwa bega wangeenea katika kisiwa cha Wight, wakati wake yeye wangehitaji kisiwa cha Man, na ifikapo mwaka 2010, watakapozidi bilioni saba, watahitaji kisiwa kikubwa kama Unguja. Hesabu ya watu aliipatia vizuri mno, kwa kuwa Umoja wa Mataifa uliadhimisha kutimia kwa bilioni saba mnamo Oktoba 2011.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo imenichukua jioni nyingi tangu wakati huo, yaani kurudia orodha za walioteuliwa kuwania Hugo na kuwasoma wale waliorudi nyumbani mikono mitupu. Sisi watu watano tunaokutana kila mwisho wa mwezi kuzungumzia vitabu tumekuwa tukivitafuta popote, vingine katika mitumba ya Kibuye, vingine kwa simu. Kadiri tunavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba orodha ya walioteuliwa ina utajiri kuliko jina la mshindi, na kwamba msomaji wa huku kwetu ana ushahidi wa kuleta mbele ya kesi hizo ambao wapiga kura wa zamani hawakuwa nao.

Nianze na mwaka huohuo wa 1969. Brunner alikuwa fundi, na sitaki mtu adhani namdharau. Riwaya yake imeshonwa kwa vipande vya habari, matangazo ya biashara, mazungumzo ya karamuni na maisha ya watu wasiojuana, hata msomaji anahisi msongamano wa dunia ile mwilini mwake kama aliyebanwa katika matatu ya jioni. Mmoja wa wahusika wake wakuu, Norman House, ni Mmarekani mweusi mwenye cheo kikubwa katika kampuni kubwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika vitabu vya aina hiyo wakati ule. Kinachonikwaza ni Beninia, nchi ndogo ya kubuni ya Afrika Magharibi ambako watu wake, Washinka, hawapigani wala hawauani. Wageni wanashangaa, wanachunguza, na mwishowe jibu linapatikana: miili ya Washinka hutoa harufu fulani inayozima hasira ya binadamu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Watu wa Afrika wameishi kwa amani kizazi baada ya kizazi, na mwandishi hakuweza kuiona amani hiyo kuwa kazi ya wazee, ya mabaraza, ya ndoa kati ya koo na ya kusameheana. Ilimbidi aitafutie sababu katika jasho lao.

Katika orodha hiyohiyo ya 1969 kulikuwa na Nova ya Samuel R. Delany, Mmarekani mweusi ambaye alikuwa hajafikisha miaka 27 kitabu kilipotoka. Nahodha wake, Lorq Von Ray, ni mtoto wa mama Msenegali, na uzawa huo haufanywi fumbo la kuchunguzwa na mtu yeyote. Ni tajiri, ana uchu wa ushindi, ana kovu usoni, na anataka kupitisha chombo chake katikati ya nyota inayolipuka ili achote madini yenye thamani kuliko yote. Delany ameeleza mwenyewe kwamba mhariri John W. Campbell aliikataa riwaya hiyo isichapishwe kwa mfululizo katika jarida lake, kwa hoja kwamba wasomaji wasingeweza kujiona katika mhusika mkuu mweusi. Tuzo ya waandishi wapya iliyobeba jina la Campbell ilibadilishwa jina mwaka 2019, miaka 51 baada ya Nova kutoka.

Ningekuwa mpiga kura mwaka ule, kura yangu ya kwanza ningempa Delany na ya pili Brunner. Nasema hivyo nikiwa nimevisoma vyote viwili mara mbili, na si kwa ajili ya mama Msenegali pekee. Nova ina kurasa chache, sentensi zake zina mdundo, na swali lake kuhusu kazi linanigusa bado: katika dunia ile mfanyakazi huunganishwa moja kwa moja na mashine, kwa soketi zilizomo mwilini, ili kazi ya mkono wake isiwe ngeni kwake. Atakayeingia katika kiwanda chochote cha sukari cha eneo hili la ziwa atajua kwa nini swali hilo lina uzito.

Mwaka uliofuata, 1970, wapiga kura hawakukosea, ingawa ilinichukua muda kukubali. Nilipokuwa kijana nilishikilia kwamba Kurt Vonnegut alidhulumiwa, kwa sababu Slaughterhouse-Five ilitoka katika moyo wa mtu aliyekuwa mfungwa wa vita Dresden mji ule ulipoteketezwa kwa mabomu mwaka 1945. Bado nakiheshimu kitabu hicho. Hata hivyo The Left Hand of Darkness ya Ursula K. Le Guin, iliyoshinda, imenibadilisha mawazo, na kilichonibadilisha ni sarufi.

Watu wa sayari ya Gethen hawana jinsia ya kudumu. Sehemu kubwa ya mwezi si wanaume wala si wanawake, na zikifika siku zao mtu anaweza kuwa huyu au yule, hivyo mfalme anaweza kubeba mimba bila mtu kustaajabu. Kiingereza kilimlazimisha Le Guin achague kiwakilishi, akachagua cha kiume, akalaumiwa kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe baadaye alirudi katika maandishi yake kukiri udhaifu huo. Sasa chukua Kiswahili. “Alikuja, akaketi, akajifungua.” Hakuna mahali sentensi hiyo inapouliza jinsia ya mtu. Kidholuo nacho husema en kwa mume na kwa mke. Jioni moja tulijaribu kutafsiri kurasa mbili za kitabu hicho pamoja, na lawama iliyomwandama mwandishi ikayeyuka mezani petu bila sisi kufanya lolote.

Lakini tulipofurahi ndipo tulipokwama. Msimulizi, Genly Ai, ni mjumbe kutoka Dunia, naye ana kasoro: anawaona watu wa Gethen kama wanaume, na anapomwona mmoja ana tabia anazozihusisha na wanawake, mtazamo wake unayumba. Mwenye nyumba anayempangisha chumba anamwita kwa jina la kike kwa sababu ni mnene na anapenda udaku. Kiwakilishi cha kiume kinachojirudia kinatuonyesha ubaguzi wa macho yake, na Kiswahili kikikiondoa, ubaguzi huo unapoteza makao. Tulibishana karibu saa nzima. Mwishowe mwenzetu mmoja, ambaye ni fundi wa injini za boti, akasema basi tumwache Genly aseme “mama mwenye nyumba”, kisha kila mfalme na kila waziri amwite “bwana”, ili upofu wake uhame kutoka kwenye kitenzi uingie kwenye heshima. Sijawahi kusikia uhakiki bora wa kitabu hicho.

Inafaa kukumbuka tuzo hii hutolewaje. Hugo, iliyoanza kutolewa mwaka 1953, haina jopo la majaji. Wanachama wa Worldcon, mkutano wa kila mwaka wa mashabiki wa fasihi hii, ndio wanaopendekeza vitabu na kisha kuwapanga walioteuliwa kwa nafasi, na kura za anayeondolewa mkiani huhamia kwa aliyewekwa nafasi inayofuata. Mkutano huo umefanyika mara nyingi zaidi Marekani, ukafika pia London mwaka 1957, Heidelberg 1970, Melbourne 1975, Yokohama 2007 na Chengdu 2023, na hadi mwaka 2025 ulikuwa haujawahi kufanyika Afrika. Kanuni haikizuii kitabu cha lugha yoyote, ila mtu hupigia kura alichoweza kusoma, na ndiyo maana riwaya ya kwanza iliyotafsiriwa, ya Mchina Liu Cixin, ilishinda mwaka 2015 tu. Walenisi, riwaya ya Kiswahili ya Mkenya Katama Mkangi, ilitoka mwaka 1995, ikiwa na Dzombo aliyehukumiwa kifo na kurushwa angani hadi akatua katika ulimwengu wa haki. Nani angeweza kuipendekeza?

Mwaka unaoniuma kuliko yote ni 2001. Mshindi alikuwa Harry Potter and the Goblet of Fire ya J. K. Rowling, na katika orodha kulikuwa pia na A Storm of Swords ya George R. R. Martin. Ninaelewa. Wanafunzi wangu wamekisoma kitabu cha Rowling wakiwa wamejifunika shuka usiku, na kitabu kinachomfanya mtoto asome usiku kina baraka zake. Hata hivyo ni juzuu ya nne ya mfululizo, na ile ya Martin ni ya tatu. Anayezipima amebeba mizigo ya juzuu zilizotangulia. Kando yao ilikaa riwaya iliyosimama kwa miguu yake, Midnight Robber ya Nalo Hopkinson, mzaliwa wa Jamaika aliyehamia Kanada.

Sayari ya Toussaint imekaliwa na wana wa Karibi, na inasimamiwa na akili ya mitambo wanayoiita Granny Nanny, ambayo humsikiliza na kumlinda kila mtu. Tan-Tan ni binti wa meya. Baba yake anaua, anatoroka naye hadi sayari ya wafungwa, na huko anamtendea mtoto wake uovu ambao mwandishi hauzungushi wala haufanyi burudani. Tan-Tan anamuua baba akijitetea, anakimbilia msituni kwa wenyeji wa sayari hiyo, kisha anavaa jina la mhusika wa sherehe za kanivali na kuwa Malkia wa Wanyang'anyi, anayewaadhibu waonevu.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni lugha. Kitabu chote kinasimuliwa kwa Kiingereza cha Trinidad na Jamaika kilichochanganywa, katika masimulizi na katika mazungumzo pia, na hakuna anayemwombea msomaji radhi. Mtu wa Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, anayeanza sentensi kwa Kidholuo, akaikatiza kwa Kiswahili, akaimaliza kwa Kiingereza, hahitaji kuelezwa kwamba lugha ya namna hiyo inaweza kubeba roketi na kompyuta. Cha pili kilinijia taratibu. Kati ya sura kuna ngano kuhusu Tan-Tan, na yeye mwenyewe angali hai anazisikia watu wakizisimulia, zimekwisha kumzidi kimo. Hapa kwetu sote tumesimuliwa habari za Luanda Magere, shujaa wa mwili wa jiwe ambaye nguvu zake zilikaa kivulini, na kila mji una toleo lake. Sikuwahi kujiuliza yeye angejisikiaje kuketi gizani, bila kutambuliwa, akisikia mtoto akisimulia jinsi alivyochomwa mkuki. Hopkinson ndiye aliyeniuliza.

Mwaka 2020 waandishi wa fasihi ya kisayansi wa Marekani walimtangaza Hopkinson kuwa Bingwa Mkuu, heshima yao ya juu ya maisha yote. Nilifurahi, lakini mwaka 2001 ulikuwa umepita.

Kuna na wale ambao hata orodhani hawakuingia. Octavia Butler alipata Hugo mbili, mwaka 1984 na 1985, zote kwa kazi fupi. Riwaya zake, ikiwemo Kindred ya 1979, hazikuwahi kufika katika fainali ya riwaya bora. Mwandishi mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya riwaya bora alikuwa N. K. Jemisin mwaka 2016, kisha akaishinda tena 2017 na 2018, mfululizo ambao hakuna aliyewahi kuupata kabla yake.

Na mwaka 2022 orodha ya riwaya ilipotoka, niliitafuta The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa na sikuiona. Binti Aisha anaingia baharini kwa mashua ya mifupa, pamoja na paka anayesema, kumtafuta baba yake mvuvi. Mwaka huohuo kitabu hicho kilipewa tuzo ya kwanza kabisa iliyoanzishwa kwa jina la Le Guin. Kikundi chetu kinakisoma mwezi huu. Tulikisoma kwa sauti, tukipokezana, na kila tulipofika kwenye jina la mtu au la mahali, mwenzetu muuguzi aliyezaliwa Mombasa alituinulia mkono tusimame, akalitamka yeye kwanza, kisha akaturuhusu tuendelee.