Sikuiba chakula ukweni

Kwa kuwa mdogo wangu ameshatangaza kwenye grupu la ukoo kwamba "bro kaiba chakula Zambia", na mmeshamaliza stika zote za kucheka, sasa msikieni mhusika. Sikuiba. Nilificha.

Mnajua tulikwenda Kasama kumposea, nami ndiye msemaji wa familia. Mezani kulikuwa na nshima (ugali wao), samaki, majani ya maboga kwa karanga, na sinia la vipande vya kahawia vilivyokatwa kama keki. Ukikibonyeza kinarudi. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, hii nyama ya nini?" Nikamjibu kitaalamu kabisa: "Soseji ya porini. Usiguse."

Msemaji hakatai chakula cha wakwe. Basi changu nikakitumbukiza mfuko wa ndani wa koti. Mfuko huo umetoboka tangu Pasaka. (Mnaotaka kuuliza kwa nini haukushonwa, wifi yenu yupo humuhumu, muulizeni.)

Akaingia baba mkwe. Kwa Wabemba, mkubwa unamchuchumalia huku unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa. Nikachuchumaa. Kofi la kwanza, nikahisi kitu kinateleza ndani ya bitana, ubavuni. La pili, kimefika kiunoni. Ningekidaka, ila mikono yote iko kwenye heshima. La tatu, kikachomoka. Kikadunda. Jamani, kile kitu kinadunda! Kikapinduka, kikatulia mbele ya kandambili za mzee, sarafu ya mia mbili imeganda juu yake, Mzee Karume anatutazama wote. Kimya. Nami nikaendelea kupiga makofi. Peke yangu. Muda mrefu.

Mzee ameendesha malori ya Dar miaka mingi, Kiswahili kimenyooka. "Mwanangu, unaogopa chikanda? Si inatoka kwenu?"

Wadau, mimi ni mtu wa Matamba, Makete. Nimekulia chini ya Kitulo, Bustani ya Mungu yenyewe. Kumbe ile "nyama" ni viazi vya okidi, vilevile vilivyokuwa vikichimbwa Makete kwa magunia na kuvushwa Tunduma, hadi ikawa mojawapo ya sababu za Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mfupa hamna, damu hamna.

Mama mkwe akanipeleka jikoni kama mwanafunzi mtoro. Viazi vinakaushwa, vinatwangwa unga. Karanga nazo zinatwangwa, ziwe nyingi kuliko unga. Maji yakichemka na chumvi na pilipili ya unga, unamimina karanga, kisha unga wa chikanda na magadi kidogo, huku unasonga kwa nguvu bila kupumzika. Magadi ndiyo yanayoishikamanisha. Yakipungua unabaki na uji, yakizidi ladha inakuwa ya sabuni. Ikikaza, unafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko mpaka uso ukauke. Halafu iache ipoe. Ukikata ya moto inabomoka, na hapo usimlaumu mtu.

Nikala vipande vitatu chini ya ulinzi wake. Tamu, bwana, karanga zinatangulia, pilipili inafuata. Binti akala vinne, akaniangalia vile mnavyojua.

Posa imekubaliwa. Ile mia mbili mzee kaifuta, kaitia mfukoni, kasema ameipokea kama kishika uchumba. Kwa hiyo, mdogo wangu mtangazaji, mahari iliyobaki utamalizia mwenyewe.