Merere hakumuuza Mkwawa

Juzi kwenye kilabu cha ulanzi, nje kidogo ya Iringa mjini, kijana mmoja, Mhehe mwenzangu, alimgeukia fundi ujenzi wa Kisangu na kumwambia: "Ninyi ndio mliomuuza Mkwawa." Alimaanisha kwamba Wasangu waliwasaidia Wajerumani dhidi ya Mkwawa, mtawala wetu Wahehe. Ilikuwa nusu utani. Fundi alicheka, akanywa, akanyamaza. Mimi nikashindwa kunyamaza, na mpaka leo hoja ile inanikera.

Kuuza ni neno zito. Huwezi kumuuza mtu ambaye hakuwa wako. Tuliosoma historia ya shule tumezoea kuipanga vita ile hivi: upande huu Waafrika, upande ule Wajerumani, na kila aliyevuka mstari ni msaliti. Lakini mstari huo tumeuchora sisi, baadaye sana. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipomuua Zelewski, kamanda wa Kijerumani, na kukivunja kikosi chake pale Lugalo, hapakuwa na nchi iitwayo Tanganyika. Jina lenyewe lilikuja mwaka 1920, Mjerumani akiwa ameshaondoka.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Merere, mtemi wa Usangu. Enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa, na kisha za Mkwawa mwenyewe, Wahehe waliwapiga Wasangu mpaka wakawatoa kwenye nchi yao. Walihama na kwenda kujenga upya Usongwe, upande wa Mbeya, na makao mapya wakayapa jina la yale waliyoyaacha: Utengule. Ukipita Mbalizi leo, ile Utengule iliyo jirani hapo ndiyo hiyo. Watu wanaobeba jina la kwao mpaka ugenini hawajasahau aliyewafukuza. Mjerumani alipofika, kwa Merere alikuwa mgeni mwenye bunduki ambaye bado hajamchukulia ng'ombe hata mmoja. Mhehe alikuwa amekwisha kuchukua nchi nzima. Wewe ungemwogopa nani?

Merere alichagua, watu wake wakamsaidia Mjerumani dhidi ya Mkwawa, na miaka hiyohiyo ya 1890 Wasangu wakarudi Usangu. Kwa hesabu za wakati ule, alipata alichokitaka. Kwamba Mjerumani angekuja kuwa bwana wa wote, hilo tunalijua sisi kwa sababu tumesoma ukurasa uliofuata.

Ndiyo maana siamini kwamba mataifa huchagua adui kwa kupima nani mbaya zaidi. Wanaangalia nani yuko karibu, nani alituumiza jana, na nani tunamweza. Ubaya hutafutiwa maneno baadaye. Wahehe na Wangoni walipigana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 mpaka wakachoshana, wakaachana. Kalenga, ngome ya Mkwawa, iliposhambuliwa na Wajerumani Oktoba 1894, hakuna jeshi la Kingoni lililokuja kuiokoa. Kwa nini lije?

Wakubwa nao hufanya hivyohivyo, ila wana ramani kubwa. Desemba 1941 Mjapani ndiye aliyeipiga Marekani pale Pearl Harbor, lakini Marekani na Uingereza wakakubaliana kuipa Ujerumani kipaumbele. Churchill, aliyewachukia Wakomunisti maisha yake yote, alishikana mkono na Stalin siku Hitler alipoivamia Urusi.

Na sisi je? Mwaka 1978 Amin alivamia Kagera, Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo. Kumpiga yeye, si Waganda. Gaddafi alipoleta askari wake kumkingia kifua Amin, vijana wetu walipigana nao Uganda, na ndege ya Libya ikadondosha mabomu Mwanza. Hatukutangaza vita na Libya. Ilikuwa adui kwa kila kipimo, lakini tuliamua adui wetu ni mmoja, tukaenda naye mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika vita ile, na hausifiwi vya kutosha kwa sababu haukupigiwa mizinga.

Haya yote sikuyasema kilabuni, nani angenisikiliza? Nilimuuliza kijana swali moja tu: Maji Maji, 1905, Wahehe tulikuwa upande gani?

Hakujua. Nikamwambia. Mkwawa alikuwa amekufa mwaka 1898, miaka saba tu kabla ya hapo. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa na kuchukuliwa, na fuvu halikurudi mpaka 1954. Mpangile, ndugu yake, aliyetawazwa na Wajerumani haohao, walikuwa wamemnyonga mwaka 1897. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kuinuka, ni sisi. Wangoni waliinuka. Wabena wengi waliinuka, wakaishambulia misheni ya Yakobi. Wahehe tukaenda vitani na kapteni wa boma la Iringa, upande wa Mjerumani. Wasangu nao walikuwa upande huohuo.

Fundi akasonya. "Kwa hiyo mwaka ule mimi na huyu tulikuwa jeshi moja?"

Jeshi moja, nikamwambia.

Mama muuza ulanzi, ambaye kwao ni Njombe kwa Wabena, alikuwa anasuuza vikombe na kumbe alisikia kila neno. "Basi wote wawili mna deni la Wabena," akasema. "Anzeni na hizo lita nne."

Kijana alilipa. Fundi akadai atalipa Jumamosi.