Lori la kukodi nalo lina moshi

Chukua kampuni yenye ghala Barabara ya Nyerere na malori yake kumi ya kupeleka mizigo Tunduma. Mwaka huu inayauza yote, inakodi ya watu. Mzigo uleule, barabara ileile, pengine hata madereva ni walewale. Ila kwenye taarifa yake ya gesijoto, yaani hewa zinazoongeza joto duniani, moshi wa malori umetoweka, na jalada limewekwa picha ya mti.

Hakuna aliyedanganya. Mwongozo wa kuhesabu gesijoto uitwao GHG Protocol, uliotoka 2001, unagawa hesabu mafungu matatu: Wigo 1 ni unachochoma mwenyewe, Wigo 2 umeme unaonunua, Wigo 3 ni mengine yote ya biashara yako yanayotokea mikononi mwa wengine. Huo wa tatu wengi wanauruka, na hawakosi hoja. Mwenye lori moja mafuta huyaandika daftarini, kama anaandika. Ukikosa lita, unakadiria kwa shilingi ulizolipa. Bei ya kukodi ikipanda, hesabu itasema moshi umeongezeka, kumbe safari ni zilezile. Hapo wana haki. Hoja kwamba moshi uleule utahesabiwa mara mbili ndiyo hainiingii: mwenye lori anaandika Wigo 1, mwenye mzigo Wigo 3, na mwongozo ulikusudia hivyo. Taarifa hizo mbili hazikuandikwa ili zijumlishwe.

Ugumu wenyewe unakuzwa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa. Nimeshabishiwa sana kwa namba hii: lita yenyewe haifiki kilo moja, hizo nyingine zinatoka wapi? Hewani. Kila atomu ya kaboni inashika mbili za oksijeni, na uzito mwingi ni wa oksijeni. Basi lori likinywa lita 400 kwenda Tunduma, limeacha zaidi ya tani moja njiani. Safari mia moja ni tani 107. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Kinachohitajika ni lita, na lita zimeandikwa kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ya kituo cha mafuta. Mkataba wa kukodi ungeweza kuidai kabla ya malipo ya mwisho. Mbona karatasi ya kupokelea mzigo, yenye muhuri wa huko ulikofika, dereva akiisahau halipwi mtu?