Faktoria si mfano wa kuanzia

Kila anayefundisha funksheni inayojiita yenyewe huanza na faktoria. Binafsi naona huko ni kumchosha mwanafunzi bure. Faktoria ya 5 (yaani 5×4×3×2×1) unaipata kwa kitanzi, yaani amri zinazorudiwa, cha mistari mitatu, tena kinasomeka vizuri zaidi. Mwanafunzi mwerevu atauliza: sasa huku kujiita ni kwa faida gani? Na mwalimu hatakuwa na jibu ila "utaona mbele ya safari".

Mimi ningeanza na kupanga herufi. Chukua neno "lima". Herufi zake nne zinapangika kwa njia 24, na humo utakuta mali, mila, lami na imla. Nyingi ya zilizobaki ni vurugu tu. Sasa mwambie mtu aandike vitanzi vya kutoa zote 24. Ataweka kitanzi ndani ya kitanzi mara nne, na masharti ya kuzuia herufi isitumike tena. Itafanya kazi. Kisha mpe neno la herufi tano. Itabidi aongeze kitanzi kingine kwa mkono! Idadi ya vitanzi inafuata urefu wa neno, na urefu huo haujulikani mpaka programu iendeshwe. Hapo hahitaji kushawishiwa na mtu.

(Ndiyo, njia isiyojiita ipo. Narayana Pandita wa India alieleza katika karne ya 14 namna ya kutoka mpangilio mmoja hadi unaoufuata. Ni kanuni nzuri sana, ila sijaona anayeanza akiibuni mwenyewe.)

Wazo lenyewe ni hili: chagua herufi ya kwanza, kisha iweke mbele ya kila mpangilio wa zilizobaki. Zilizobaki nani atazipanga? Funksheni ile ile. Kwa lugha ya programu ya Python:

```
def panga(neno):
    if neno == "":
        return [""]
    majibu = []
    for i in range(len(neno)):
        baki = neno[:i] + neno[i+1:]
        for p in panga(baki):
            majibu.append(neno[i] + p)
    return majibu
```

Utamu wote uko kwenye mstari wa tatu. Neno tupu linapangika kwa njia ngapi? Mimi nilijibu sifuri, nikarudisha `[]`, na programu nzima ikanipa orodha tupu bila kosa lolote kwenye skrini. Nilihangaika jioni nzima nikikagua kitanzi, kumbe kitanzi hakina hatia: cha ndani kilikosa cha kuzungukia, hakikuongeza kitu, na utupu huo ukapanda ngazi kwa ngazi hadi juu. Jibu sahihi ni moja. Pasipo na kitu, mpangilio ni mmoja tu, nao ni huo mtupu. Ndiyo maana 0! (faktoria ya sifuri, yaani idadi ya njia za kupanga vitu sifuri) ni 1, jambo nililolikariri shuleni na kuliandika kwenye mitihani bila kulielewa hata kidogo.

Wengine huogopa kwamba Python hukomea miito 1000 hivi ikiwa ndani kwa ndani. Hapa hofu hiyo haina msingi. Vitu 20 huhitaji kina cha miito 21 tu, lakini mipangilio yake ni 2,432,902,008,176,640,000. Ukitoa milioni moja kila sekunde, utasubiri zaidi ya miaka 77,000. Kumbukumbu ya kompyuta itajaa kabla ya hapo, kwa hiyo kama ni kazi ya kweli acha orodha ya `majibu`, weka `yield ""` na kisha `return` tupu badala ya `return [""]`, na `yield neno[i] + p` badala ya `majibu.append`, upokee mpangilio mmoja mmoja.

Au tumia `itertools.permutations`, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 2.6. Sioni fahari ya kuandika upya kilichokwisha kuandikwa, ukishakiandika mara moja ukakielewa.

Ila ijaribu hiyo `permutations` kwa neno "mama". Itakupa mipangilio 24, kila mmoja umejirudia mara nne, maana inahesabu nafasi, haiangalii herufi. Kwenye `panga` yetu dawa ni mstari mmoja, mwanzoni mwa kitanzi cha nje: `if neno[i] in neno[:i]: continue`. Zinabaki sita: mmaa, mama, maam, amma, amam, aamm.