Mwekezaji anafuata mnunuzi, hafuati msamaha wa kodi

Kila bajeti inaposomwa Kampala tunaambiwa yaleyale: tuwasamehe wawekezaji kodi, tuwape ardhi kwenye eneo la viwanda la Namanve, watakuja. Mimi sikubali. Kampuni haivuki mpaka kwa ajili ya zawadi. Inavuka kwa sababu soko la kwao limejaa, au mali ghafi iko huku na kuibeba hadi kwao kunakula faida yote.

Nenda Mpondwe, mpakani na Kongo wilayani Kasese, siku ya soko. Malori ya saruji yanasubiri kuvuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na wafanyabiashara wa miji ya huko ya Beni na Butembo, simu sikioni, wanavutana bei kwa Kiswahili: "Dada, punguza kidogo, nachukua yote." Kiwanda cha saruji cha Hima kiko wilaya hiyohiyo. Bamburi, kampuni ya saruji ya Kenya, ilipokinunua mwaka 1999 ilipata mawe ya chokaa palepale, na mteja wa Kongo yuko karibu. Saruji ni mzigo mzito wenye faida ndogo, kila kilomita inauongezea bei. Nani atoe mfuko Mombasa aupeleke Beni, wakati unaweza kusagwa Hima?

Mafuta ya petroli ndiyo kabisa. Yaligunduliwa bonde la Albertine, magharibi mwa Uganda, mwaka 2006, basi TotalEnergies ya Ufaransa na CNOOC ya China hawana budi kuyafuata Buliisa na Kikuube.

Jambo jingine halitajwi sana kwenye hotuba. Mwenye mtaji, kabla hajaingia, anauliza atatokaje. Uganda ilifungua milango ya fedha za kigeni mwaka 1997, na mwekezaji anaweza kupeleka gawio lake, yaani sehemu yake ya faida, kwao. Kwa maoni yangu, hilo limevuta mitaji kuliko ardhi ya bure.

Sisemi kodi haina nguvu. Mwaka 2002 kampuni ya bia ya Nile Breweries, iliyokuwa mikononi mwa Waafrika Kusini, ilitoa bia ya Eagle inayopikwa kwa mtama wa hapa. Serikali ilikuwa tayari kutoza bia hiyo ushuru mdogo, na wakulima wa mtama mweupe wakapata mnunuzi wa uhakika. Ule ulikuwa msamaha wenye masharti: nunua kwa mkulima wetu, tukupunguzie. Miaka 10 bila kodi ya mapato, anayopewa mwenye kiwanda kikubwa, inapaswa kupimwa kwa swali hilohilo: nani hapa nchini amepata mnunuzi?

Kukaribishwa vizuri hakumweki mtu. Kampuni ya maduka makubwa ya Kenya iitwayo Uchumi ilifunga maduka yake Uganda mwaka 2015, Nakumatt ya Kenya ikafuata, Shoprite ya Afrika Kusini ikaondoka 2021. Wateja hawakuhama, waliendelea kununua sukari na sabuni kwenye duka la jirani, linalokopesha na kupima robo kilo.

Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Namwomba Waziri wa Fedha aanze hotuba ijayo na barabara ya Kasindi hadi Beni, aendelee na umeme wa viwanda vya Kasese, kisha ndipo atuambie ni nani anayesamehewa kodi na kwa masharti gani.