Mfagizi Aliyefagia na Zulia

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu nyote mnamfahamu kwa mdomo wake, ameshawatumia simulizi isemayo kwamba nimefuta kampuni, naona ni haki yangu kueleza kilichotokea juzi kabla simulizi hiyo haijazaa wajukuu. Sikufuta kampuni. Nilifuta imeji moja tu ya kontena, yaani kifurushi cha programu ambacho seva hukiwasha kikawa kontena inayofanya kazi, na bahati mbaya ilikuwa ile inayopokea malipo ya wateja.

Diski ya seva tunakohifadhi imeji zetu ilikuwa imejaa kwa asilimia 97, na kila aliyejaribu kupakia toleo jipya alirudishiwa kosa. Bosi akauliza nani anaweza kusafisha. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kabla sijashauriana nao.

Kwa msioijua kazi hii, imeji ni rundo la matabaka, manifesti ni karatasi inayoorodhesha matabaka hayo, na lebo ni jina tu lililobandikwa juu ya manifesti. Anayetaka nafasi hufuta manifesti yenyewe kwa kutaja alama yake ya sha256, yenye herufi na tarakimu 64, kisha huendesha amri ya kukusanya taka, ambayo kwanza hutia alama kila tabaka ambalo bado lina mwenyewe, halafu hufuta yaliyobaki. Hayo yote niliyajua. Nilichosahau ni kwamba sisi hatujengi imeji upya kwa ajili ya wateja: ile ile iliyofaulu majaribio hubandikwa lebo ya pili na kupelekwa kazini. Kwa hiyo lebo ya “jaribio”, niliyoiona imekaa mwezi mzima bila shughuli, na lebo ya “rasmi” yalikuwa majina mawili ya mtu mmoja, nami nilipomfuta kwa jina la kwanza, aliondoka na la pili. (Mmeshaanza kucheka. Ngojeni kwanza.)

Kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, niliendesha amri ya kukusanya taka kwanza kwa namna ya majaribio, isiyofuta kitu. Alama zikamiminika kwenye skrini, kila moja na herufi zake 64, nami nikazitazama nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa masharti ya mkopo ilhali fedha ameshaziona mezani. Programu huandika jina la kila hazina, yaani fungu la matoleo ya imeji moja, na chini yake manifesti zinazobakizwa. Hazina ya kwanza ilikuwa na orodha ndefu. Ya pili pia. Kisha likaja jina “malipo”, ambalo matoleo yake ya zamani nilikuwa nimeyafuta asubuhi. Chini yake hapakuwa na kitu. Jina, nafasi tupu, kisha hazina iliyofuata. Macho yangu yaliiona nafasi ile waziwazi. Nakumbuka hata kikombe cha chai kilikuwa kimefika mdomoni. Akili, badala ya kupiga yowe, ikasema: “Safi, hapa pamesafishika vizuri kuliko pengine pote.” Nikameza chai. Nikaiendesha amri ya kweli.

Diski ikashuka hadi asilimia 38. Nikapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kikundi cha kazini pamoja na kikatuni cha ufagio. Naam, ufagio. Picha hiyo ndiyo mnayoiona sasa kila mahali.

Kwa dakika 20 nilikuwa shujaa, kwa sababu kontena zilizokwisha kuwashwa haziihitaji tena seva ya imeji. Kisha seva moja ikajiwasha upya, Kubernetes, programu inayozipangia kontena seva za kukaa, ikahamishia huduma ya malipo kwenye seva mpya, na seva mpya ikaja kuomba imeji kwangu. Ikajibiwa kwamba manifesti haijulikani.

Nilipata nakala iliyosalia kwenye seva nyingine, nikaipakia, na kila tabaka likajibiwa: “Tayari lipo.” Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ofisi nzima ikasikia. Nikajaribu kuivuta: “Tabaka halijulikani.” Nikapakia tena: lipo. Nikavuta: halijulikani. Nilirudia mara sita, bosi akiwa amesimama nyuma yangu bila kusema neno, na nyuma yake yule rafiki akiwa ameshika simu kwa namna ambayo leo naielewa. Kumbe seva ya imeji ilikuwa bado inakumbuka katika kache yake, yaani kumbukumbu yake ya muda, matabaka niliyokwisha kuyafuta diskini. Kijana wa mafunzo, mwenye wiki mbili kazini, akauliza kwa adabu: “Samahani kaka, umeshajaribu kuizima na kuiwasha?”

Tukaizima, tukaiwasha, tukapakia, malipo yakarudi. Nikaandika ripoti ya kurasa mbili, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Leo asubuhi diski imefika asilimia 61. Nimekohoa kidogo tu kikaoni, na bosi amesema kabla sijafungua kinywa kwamba diski mpya imeshaagizwa.