Chembe za shaba na silva: utafiti huu tufanye huku kwetu ama tuwaachie wenye pesa?

Wikendi iliyopita nyumbani Kisumu kulikuwa na ubishi mkali kati ya mpwa wangu na babake. Kijana anasoma masters ya kemia kwa chuo kimoja huku magharibi, na kazi yake ni kutengeneza chembe ndogo sana za shaba na silva zikiwa pamoja, anazipaka kwa elektrodi, yaani kipande kinachopitisha stima, anazipitishia stima ndani ya maji yenye kaboni dayoksaidi ili hiyo hewa igeuke kitu cha kutumika. Shemeji ni fundi wa stima na masomo hadharau, ndiye anamlipia karo. Akamuuliza tu, "Stima yenyewe haitutoshi, sasa unaichukua kugeuza moshi kuwa mafuta, ukiyachoma moshi umerudi, faida iko wapi?" Kijana akajibu kwamba hiyo ndiyo njia ya kuacha kuchimba mafuta. Wakanigeukia, anko uamue. Siku hiyo nilishindwa, nimekaa na hiyo maneno wiki nzima na nimefanya hesabu kwa karatasi, na naona wote wawili wameshika ukweli ila kila mtu ameshika kipande chake.

Kwanza tuelewane hizi chembe ni nini. Kama ulifanya kemia sekondari unakumbuka waya wa shaba ukiwekwa ndani ya silva naitreti: baada ya dakika chache waya unaanza kumea manyoya meupe yanayong'aa, na maji yaliyokuwa safi yanageuka bluu kidogo kidogo. Hayo manyoya ni silva, hiyo bluu ni shaba imeingia kwa maji. Mpwa wangu anafanya karibu kitu hichohicho, tofauti ni kwamba shaba yake si waya, ni punje za nanomita chache tu, na unywele mmoja wa kichwa una upana wa kama nanomita 80,000, kwa hivyo kwa jicho haoni chochote, anaona tu maji yamekuwa meusi kama chai ya mkandaa.

Kwa nini madini mawili? Kila madini ina tabia yake. Dhahabu na silva zinageuza kaboni dayoksaidi kuwa kaboni monoksaidi, bati na bismathi zinatoa fometi ambayo ni chumvi ya asidi ya fomiki, ile asidi ya siafu, nazo platinamu na chuma zinaiacha hiyo hewa kabisa zinapasua maji na kutoa hidrojeni. Shaba ndiyo ya ajabu. Tangu 1985 Yoshio Hori na wenzake kule Japani walionyesha kwamba shaba inaweza kutoa hadi methani, na baadaye ethilini, gesi ya kutengenezea plastiki, yaani ndiyo madini peke yake inayounganisha kaboni mbili na zaidi kwa kiwango cha maana. Shida yake ni kwamba haichagui, mwaka 2012 watafiti wa Stanford walihesabu bidhaa 16 tofauti kutoka kwa shaba tupu, sasa wewe mwenye kiwanda utazitenganisha vipi hizo zote?

Ndipo silva inaingia. Silva inatengeneza kaboni monoksaidi, inaruka kwa shaba iliyo karibu, shaba inaunganisha mbili mbili zikawa ethilini au ethanoli, ile spiriti. Ni kama jikoni kwa matanga, mmoja anamenya viazi na mwingine yuko kwa sufuria, na mmenyaji akikaa mbali na moto kazi inachelewa. Umbali kati ya hizo madini mbili ndio unaamua mambo. Hata unene wa tabaka ni hivyohivyo: ukipaka bati oksaidi juu ya shaba unene wa nanomita 0.8 unapata kaboni monoksaidi kwa wingi, ukiongeza ufike 1.8 unapata fometi, hiyo iliripotiwa 2017, na mimi bado inanishangaza kwamba nanomita moja tu inabadilisha bidhaa nzima.

Kwa hivyo upande wa kijana una nguvu. Na huku kwetu kuna vitu ambavyo wengi hawana. Stima ya Kenya sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na pale Olkaria usiku watu wakilala mahitaji yanashuka mpaka mvuke mwingine unaachiliwa bure. Halafu hiyo kaboni dayoksaidi, hewa ya ukaa: watu wanafikiria lazima uivute angani ambapo iko kama sehemu 420 tu kwa milioni, kazi ambayo kampuni ya Octavia Carbon wanaijaribu Gilgil na ni ngumu kweli. Lakini ukipita Muhoroni ukasikia ile harufu ya molasi, mabaki ya sukari ya miwa, jua kwamba hamira ikigeuza sukari kuwa spiriti inatoa kaboni dayoksaidi karibu safi, kwa kila kilo moja ya ethanoli kunatoka karibu kilo nzima ya hewa ya ukaa. Hata madini yenyewe si ngeni, mgodi wa Macalder kule Migori ulikuwa wa shaba, ukiwa na dhahabu, silva na zinki ndani ya mwamba huohuo.

Sasa njoo kwa hesabu ya shemeji. Molekyuli moja ya ethanoli inataka elektroni 12. Ukiweka seli, yaani chombo chenye elektrodi na maji ambamo stima inapita, ya volti 3 na useme hakuna hata elektroni moja imepotea, kilo moja ya ethanoli inakula kama yuniti 21 za stima. Ukiichoma inakurudishia joto la yuniti 7 na kitu. Yaani mama wa Nyalenda angechukua zile yuniti 21 akapikia koili moja kwa moja angepika karibu mara tatu ya kile angepika na hiyo spiriti, na hapo nimehesabu kwa mashine isiyokosea, ambayo haipo. Na kama seli inawashwa saa mbili usiku wakati majenereta ya dizeli yako kazini, unachoma mafuta ili utengeneze mafuta. Kwa hili shemeji ameshinda, na ningependa watu waache kuandika kwa mapendekezo yao kwamba hizi chembe zitatupa mafuta ya kupikia.

Lakini si lazima iwe mafuta. Asidi ya fomiki inataka elektroni 2 tu, kwa volti hizohizo ni yuniti 3 na nusu kwa kilo. Inatumika viwanda vya ngozi, na wafugaji wanaitumia kuhifadhi sileji, na huko Nakuru ng'ombe wa maziwa ni wengi. Kazi ya kuitoa kwa chumvi mpaka iwe asidi safi bado ina gharama yake, sitaki kuificha, ila hapo angalau unauza kitu ambacho mtu ananunua kwa sababu ya kazi yake, si kwa joto lake. Mimi ningemwambia kijana aache ethanoli, aingie upande wa bati na bismathi. Najua hataki kusikia, anaipenda shaba yake.

Kuna hoja nyingine dhidi ya kijana ambayo shemeji hakuisema na naona ndiyo nzito zaidi. Aisilandi wana mvuke wa ardhini kama sisi, na pale Svartsengi mwanzoni mwa miaka ya 2010 walijenga kiwanda cha kuchukua kaboni dayoksaidi ya mvuke na kuigeuza methanoli, spiriti nyingine. Wao hawakusubiri chembe za nano za seli, walipasua maji wakapata hidrojeni, wakachanganya na hiyo hewa kwa joto na presha, njia ya zamani inayojulikana. Ukiniuliza nani alitangulia mbele, ni wao. Karatasi nyingi za chembe za madini mawili zinatangaza asilimia 90 na kitu ya bidhaa moja, lakini ukisoma chini seli ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa na ilifanya kazi saa chache, makumi ya saa, ikizidi sana mia na zaidi, wakati mashine za kupasua maji zinatarajiwa zifanye makumi ya maelfu ya saa. Chembe zinasogea, zinashikana, shaba inayeyuka na kurudi mahali pengine, silva inajitenga, na kaboni dayoksaidi nyingine inageuka chumvi ya kabonati inaziba njia za gesi.

Na hapa ndipo nikaona kazi ya mpwa wangu iko wapi hasa. Alinisimulia jaribio lake moja alilopanga liende saa 20, saa ya 14 stima ikapotea kwa jengo zima. Iliporudi akakuta elektrodi iliyokuwa nyeusi sawasawa imepata madoa ya kahawia, na mashine ya kupimia gesi ikaonyesha hidrojeni imepanda na ethilini imeshuka, na haikurudi tena ilivyokuwa. Alikasirika, akaandika siku imepotea. Nikamwambia ile siku haikupotea, hiyo ndiyo data! Stima ikikatika shaba inabaki bila ulinzi, oksijeni inaila, chembe zinapangika upya. Mwenye labu isiyozimika hana sababu ya kuliwaza hili sana, ila kiwanda chochote kinachotegemea stima ya usiku ya bei nafuu kitazimwa kila asubuhi na kuwashwa kila usiku. Vilevile gesi ya Muhoroni si ya mtungi wa maabara, molasi ina salfa, na salfa kidogo inabadilisha shaba kabisa, saa nyingine inaisukuma itoe fometi badala ya ethilini, kitu ambacho pengine ndicho tunachotaka.

Kwa hivyo msimamo wangu ni kwamba afanye, tena kwa pesa ya umma kama itapatikana, lakini asishindane na watu wa mbali kuongeza asilimia mbili juu ya rekodi yao, vifaa vyao vinamzidi, achunguze kuzimika kwa stima na gesi chafu. Shemeji alisikiliza akauliza seli ya hivyo kuizima na kuiwasha kwa taima itagharimu nini, kijana akasema hajui, basi wakachukua kalamu. Taima shemeji anayo moja dukani, ya kuwashia pampu za maji. Wamepanga kuikata kila saa sita, mara 30, nusu ya majaribio kwa gesi safi ya mtungi na nusu kwa gesi ya pipa la hamira na molasi watakalochachusha wenyewe nyuma ya nyumba, wapime fometi kila baada ya kuwasha. Bati itakuwa juu ya shaba. Silva ameiweka kando kwanza.